Tufungulieni Saiti na Mafaili ya Miradi ya Umma

Kwa: Waziri wa Ujenzi, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri anayesimamia TAMISEMI, watendaji wakuu wa TANROADS na TARURA, Baraza la Taifa la Ujenzi, bodi za usajili wa wahandisi na makandarasi, na Makamu Wakuu wa vyuo vinavyofundisha uhandisi ujenzi na usimamizi wa ujenzi.

YAH: NAFASI YA WANAFUNZI WA UZAMILI KATIKA MIRADI YA UMMA YA UJENZI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima. Mimi ni mhandisi ujenzi niliyesajiliwa na ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Mchana niko saiti, jioni niko darasani. Naandika kwa niaba yangu mwenyewe, ingawa najua wenzangu wengi wangeisaini barua hii bila kuombwa mara ya pili.

Ombi langu ni moja. Miradi ya ujenzi inayolipiwa kwa kodi ya Watanzania ifunguliwe kwa wanafunzi wa uzamili. Waingie saiti, wachukue sampuli, wasome matokeo ya maabara, ripoti za udongo, hati za malipo na hesabu za mwisho za mradi. Isiwe hisani ya meneja mmoja mwenye moyo mzuri. Uwe utaratibu ulioandikwa ndani ya mkataba, wenye ofisi inayowajibika.

Jiji hili limejengwa sana katika miaka kumi iliyopita. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere kule Kigamboni, na mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yakaanza safari kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mwaka 2018 tukapata daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, 2021 makutano ya Kijazi pale Ubungo, 2022 Daraja la Tanzanite likapita juu ya maji ya bahari pale Upanga. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Mtu anayesomea miundo, barabara, udongo au usimamizi wa miradi angetamani maabara gani zaidi ya hii? Na yote iko umbali wa nauli ya daladala kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Madaraja mawili kati ya hayo yana majina ya wahandisi wa Kitanzania, marehemu Patrick Mfugale na marehemu John Kijazi. Heshima hiyo ilistahili. Lakini mwanafunzi wa leo anayetaka kujifunza kutokana na madaraja hayo, zaidi ya kupita juu yake na kuyapiga picha, hana utaratibu wa wazi wa kufuata.

Sasa ingieni maktaba ya chuo chochote kinachotoa shahada hizi hapa jijini, mvute tasnifu za usimamizi wa ujenzi. Mtakuta sababu za miradi kuchelewa Dar es Salaam. Pembeni yake mtakuta sababu za gharama kupanda. Mkiendelea mtakuta ucheleweshaji tena, safari hii katika wilaya moja tu. Nyingi zimeandikwa kwa dodoso: mhojiwa anapewa orodha ya sababu, kila moja anaipa alama kuanzia 1 hadi 5, alama zinajumlishwa, sababu zinapangwa ya kwanza mpaka ya mwisho. Majibu yanafanana. Malipo yanachelewa. Michoro inabadilishwa kazi ikiwa imeshaanza. Nguzo za umeme na mabomba ya maji hayahamishwi kwa wakati. Wakandarasi wadogo hawana mtaji. Foromani yeyote mzoefu angeyasema hayo kwa dakika tano.

Siwalaumu walioziandika. Mafaili yakifungwa, mtu anabaki na kuuliza watu maoni yao.

Chukueni hilo la malipo. Mikataba mingi mikubwa inatumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na katika Kitabu chake Chekundu cha 1999 mwajiri, yaani mwenye mradi, anatakiwa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi wa mradi apokee maombi ya malipo ya mkandarasi. Siku 28 za mwanzo ni za mhandisi kukagua na kutoa hati. Kwa hiyo kila mradi unaacha karatasi zenye tarehe na mihuri: siku maombi yalipofika, siku hati iliposainiwa, siku ilipoingia uhasibu, siku fedha zilipotoka. Mwanafunzi akipewa karatasi hizo za miradi michache iliyokwisha, hana haja ya kumuuliza mtu anakubaliana kwa kiasi gani kwamba malipo huchelewa. Ataonyesha siku zinaishia meza gani. Pengine ataonyesha kwamba maombi yenyewe yaliletwa yakiwa na makosa ya vipimo, yakarudishwa mara tatu, na kwamba kosa siyo la hazina peke yake. Ataonyesha pia riba iliyolipwa kwa kuchelewa huko, fedha ambazo zingejenga kalavati mahali fulani. Huo ndio utafiti ambao mtunga sera anaweza kuushika na kuufanyia kazi kesho yake.

Mimi nilitaka kufanya utafiti wa zege. Nilitaka matokeo ya kyubu, yaani vipande vya zege vinavyovunjwa maabara ili kupima nguvu yake, za majengo ya umma na mitaro iliyokwisha kujengwa jijini, niyapange kwa masika na kiangazi, kwa chanzo cha mchanga, kwa aina ya saruji, nione nguvu ya zege inayumba wapi na kwa nini. Barua ya utambulisho kutoka chuoni nilikuwa nayo. Kwenye taasisi moja ya umma iligongwa muhuri wa kupokelewa, ikaenda kwa mkuu wa idara, ikarudi masjala, ikapelekwa kwa mwanasheria, ikatoka huko na maelezo kwamba mkandarasi lazima aridhie. Mkandarasi akasema anayeshika taarifa ni mhandisi mshauri. Mshauri akasema taarifa ni mali ya mwajiri, yaani ileile taasisi niliyoanzia. Hakuna aliyenikatalia. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake kwa lugha ya upole, na muda wa masomo ukawa unakwenda. Msimamizi wangu, ambaye katika hili hana lawama hata kidogo, akanishauri nibadili mada kabla ada ya muhula mwingine haijanikuta.

Nikabadili, nikaandika dodoso. Katika ofisi moja ya mkandarasi niliyaacha makaratasi asubuhi, nikayafuata jioni, nikakuta yamejazwa na dada wa mapokezi kwa sababu bosi alikuwa saiti. Alijaza kwa mwandiko mzuri, kila mahali 4. Hilo nililitoa kwenye hesabu. Ni mangapi kama hilo yameingia kwenye hesabu za watu wengine, hakuna atakayejua.

Niruhusuni nieleze kwa nini matokeo ya kyubu yananiuma kiasi hiki.

Mchoro unasema zege la gredi ya 25, yaani kiwango chake cha nguvu. Kwenye saiti nyingi za kawaida jijini zege hilo linachanganywa kwa ndoo, karai na toroli. Toroli la kwanza la kokoto limejaa mpaka zinamwagika. La nne limejaa nusu, maana kijana anayelisukuma ameshachoka na jua ni kali. Maji hayapimwi. Yanamiminwa kwa mpira mpaka fundi aone zege limelainika, kwa sababu zege laini linaingia haraka kati ya nondo na halimchoshi anayelisambaza. Kila maji yanapozidi, nguvu inapungua, kwani yakikauka yanaacha vitundu. Maji yenyewe mara nyingi ni ya kisima kirefu, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi. Chumvi ikibaki ndani ya zege inaanza kuila nondo taratibu. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inalipasua zege kutoka ndani. Halafu mchanga. Usugue kiganjani: ukikuachia rangi ya udongo, una tope, na tope linaizuia saruji isiushike mchanga vizuri. Utie kwenye chupa ya maji, itikise, iache itulie, utaliona tope limejipanga juu ya mchanga kwa tabaka lake. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala fedha, na ni saiti chache nilizopita ambako nimekuta kinafanywa bila mshauri kusimama pembeni.

Kwenye mradi wa umma wenye usimamizi, siku ya kumwaga zege kyubu za milimita 150 zinajazwa, zinalowekwa kwenye maji, zinavunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Karatasi inatoka na namba. Namba hiyo imelipiwa, ipo kwenye jedwali la kazi na gharama. Inasainiwa, inatobolewa, inaingia kwenye faili. Mradi ukikabidhiwa, faili linakwenda stoo na hakuna anayelifungua tena mpaka itokee kesi.

Kwa miaka mingi tumesanifu majengo yetu kwa kutumia BS 8110, kiwango cha Uingereza cha kusanifu miundo ya zege, ambacho wenyewe Waingereza walikiondoa mwaka 2010 na kuhamia viwango vya Ulaya. Katika viwango vyote hivyo, nguvu ya zege inayoandikwa kwenye mchoro ni ile ambayo si zaidi ya asilimia 5 ya matokeo yanatarajiwa kuanguka chini yake. Ili ujue asilimia hiyo inakaa wapi, ni lazima ujue zege la mahali pako linatofautiana kiasi gani kutoka siku hadi siku na kutoka saiti hadi saiti. Zege la Mbagala linalochanganywa mwezi wa nne mvua ikinyesha, kwa mchanga wa mtoni, haliwezi kusomewa tabia zake kwenye kitabu kilichoandikwa kwa mashine za London. Namba zetu tunazo. Ziko stoo. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, kompyuta yake na ruhusa ya maandishi vingetosha kuzianza.

Ardhi nayo ni vilevile. Bonde la Msimbazi tunalijua wote. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na kila masika Jangwani inafungwa, daladala zinazunguka, karakana ya mwendokasi iliyojengwa palepale bondeni imekwisha kuzama mara kadhaa. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa kila daraja, kila jengo refu na kila barabara iliyopita karibu na hapo, kuna mtu alilipwa atoboe ardhi, atoe udongo, aupime na aandike ripoti. Ripoti hizo zimekaa kila moja kwenye kabati lake. Mradi mpya ukija, ardhi inatobolewa upya mita chache kutoka tobo la zamani, na fedha zinalipwa upya.

Uingereza, idara yao ya jiolojia imeweka wazi kumbukumbu za matobo zaidi ya milioni moja. Mtu yeyote mwenye intaneti anazisoma, hata sisi tulio huku. Uholanzi walitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inayozitaka taasisi za umma kupeleka taarifa za chini ya ardhi kwenye daftari moja la taifa. Sehemu kubwa ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, wanajua thamani ya kuujua udongo wao. Nasi tunajenga maghorofa Kariakoo, Upanga na Masaki, sehemu yake kubwa karibu na bahari na juu ya maji ya chini yasiyo na kina. Mwanafunzi anayetaka kuchora ramani ya udongo wa Kariakoo kwa ajili ya shahada yake anaanzia wapi?

Kariakoo na katikati ya jiji siwezi kupapita haraka. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka, watu 36 wakafa, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, jengo la Kariakoo likaanguka na kuua zaidi ya watu 20. Kila mara timu inaundwa, wataalamu wanaitwa, majengo ya jirani yanakaguliwa, ripoti inaandikwa. Nawaheshimu walioifanya kazi hiyo, wengine ni walimu wangu. Ninachosema ni kwamba ripoti za namna hii, zikishatumika kwa ajili ya sheria, zilipaswa kuwa vitabu vya kufundishia. Darasa la miundo Dar es Salaam lilipaswa kujua, kwa michoro na hesabu, nguzo ipi ilizidiwa kwanza na kwa mzigo gani, ili mhandisi anayehitimu aitambue nguzo ya namna hiyo akiikuta mahali pengine. Tunasoma kwa undani kuanguka kwa majengo ya Marekani na Korea kwa sababu wao walichapisha. Majengo yetu tunayasoma magazetini. Kwa waliofiwa, hilo nalo ni deni.

Najua hoja zitakazoletwa, kwa sababu nimeshaambiwa zote ana kwa ana.

Ya kwanza ni siri ya mkataba. Bei za mkandarasi ni za kwake na washindani wasizione. Nakubali. Basi tarehe zitolewe bila bei, au bei zitolewe baada ya mradi kufungwa na kipindi cha uangalizi kwisha, majina yakiwa yamefichwa. Tasnifu haihitaji kumtaja mtu. Isitoshe, nchi hii ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na nguvu ya zege la shule ya msingi haiwezi kuwa siri dhidi ya mzazi ambaye mtoto wake amekaa chini ya slabu hiyo.

Ya pili ni usalama saiti. Hii nayo inajibika. Kofia, buti, kizibao, mafunzo ya asubuhi, bima, na mwanafunzi awe chini ya mhandisi mkazi kama mtu mwingine yeyote. Hawa siyo watoto. Wengi wetu tumeshasimamia saiti miaka kabla ya kurudi darasani.

Ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo nzito. Ni hofu kwamba mwanafunzi ataibua kasoro. Atakuta kyubu zilizofeli na zege halikuvunjwa. Atakuta hati iliyosainiwa kabla kazi haijafanyika. Waheshimiwa, kama kasoro ipo, ni heri aione mwanafunzi mwenye rula na kikokotoo mapema, kuliko kusubiri timu ya uchunguzi iikute kwenye kifusi. Na kwa wakandarasi wanaofanya kazi safi, ambao wapo na ninawafahamu, matokeo yao yakichambuliwa hadharani ndiyo tangazo lao bora la zabuni.

Wala siombi kitu kigeni. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi anakwenda PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Ni sehemu ya masomo yake, na kampuni zimezoea kumpokea. Mhitimu naye ana SEAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unaomweka miaka mitatu kazini chini ya mhandisi mzoefu mpaka asajiliwe. Mlango huo umewatoa wahandisi wengi wazuri. Ajabu ni kwamba kijana wa mwaka wa pili anayejifunza kusoma mchoro anapata nafasi saiti, na mhandisi aliyesajiliwa anayefanya utafiti anaachwa getini na barua yake.

Na tumewahi kuandika vya kwetu. Mwongozo wa kusanifu barabara na vifaa vyake wa mwaka 1999, uliotolewa na Wizara ya Ujenzi pamoja na Maabara Kuu ya Vifaa kwa msaada wa wataalamu wa Norwe, uligawa nchi yetu katika kanda za hali ya hewa na kuweka viwango vinavyotokana na udongo na kokoto zetu. Wahandisi wa barabara bado wanaufungua mpaka leo. Ulitokana na watu kuingia barabarani, kuchimba, kupima na kuweka kumbukumbu. Mwongozo wa namna hiyo kwa zege la pwani, au kwa misingi ya majengo kwenye udongo wa Dar es Salaam, unaweza kuanza kujengwa na tasnifu za uzamili, kila mwanafunzi akiongeza sehemu yake juu ya aliyemtangulia. Sasa hivi kila mmoja anaanza upya kutoka sifuri.

Kwa vyuo vyetu nina maneno pia, na nayasema kwa mapenzi, kwani ndiko nilikolelewa. Mlimani ilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na Chuo Kikuu Ardhi kimebeba kwa miaka mingi mzigo wa kufundisha uchumi na usimamizi wa ujenzi. Walimu wetu ni hodari na wamezidiwa na idadi ya wanafunzi. Lakini mmefungua programu za jioni kwa ajili yetu tunaofanya kazi, na maabara mmeziacha na saa za ofisi. Darasa linaanza saa kumi na moja jioni, maabara imefungwa saa tisa na nusu. Ili nivunje kyubu siku ya 28 inabidi niombe ruhusa kazini, na siku ya 28 haisogei hata kama bosi amekataa. Wekeni fundi sanifu wa zamu jioni na Jumamosi. Gharama za vipimo ziingie kwenye ada kwa uwazi, zisituibukie katikati ya mwaka. Na pendekezo la utafiti la mtu wa uhandisi lisipite kama halina kipimo hata kimoja kilichotoka saiti, maabara au kwenye faili la mradi. Ninyi mkilidai hilo kwa pamoja, wizara italazimika kusikiliza, maana mtakuwa mnadai kwa niaba ya mamia.

Jambo jingine ni dogo ila litasaidia haraka: kila tasnifu ikipita, mwanafunzi aandike kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza alichokikuta. Zipelekwe kwa mhandisi wa halmashauri, kwa chama cha wakandarasi, kwa foromani wa Mbagala. Tasnifu ya Kiingereza ya kurasa 120 haitamfikia kamwe mtu anayeshika toroli.

Waajiri, wa serikali na binafsi, mruhusuni mtu asome. Ruhusa ya saa mbili kwa wiki haisimamishi mradi.

Utaratibu ninaouomba nauona hivi. Nyaraka za zabuni za miradi ya umma inayozidi kiwango fulani ziwe na kifungu kinachomtaka mkandarasi na mhandisi mshauri kupokea mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamili kwa kipindi cha utafiti wao. Tangu 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo nyaraka zinatoka sehemu moja na kifungu kimoja kinafika kote. Gharama ya bima, vifaa vya usalama na vipimo vya ziada iingie kwenye jedwali la kazi na gharama kama kipengele chake, na ionekane. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979 kwa ajili ya kuikuza sekta hii, lipewe kazi na bajeti ya kutunza nakala za kidijiti za ripoti za udongo, matokeo ya kyubu na kumbukumbu za malipo za kila mradi wa umma unaokabidhiwa. Mradi usihesabiwe umefungwa mpaka nakala hizo ziwe zimefika. Na kila taasisi yenye miradi imteue mtu mmoja, kwa cheo, wa kupokea maombi ya watafiti, akiwa na siku maalumu za kujibu kwa maandishi: ndiyo, au hapana na sababu yake.

Kifungu cha mkataba kitahitaji muda na wanasheria. Huyo mtu mmoja wa kupokea maombi hahitaji sheria mpya, anahitaji waraka. Wanafunzi wapya wa uzamili wanaanza mwishoni mwa mwaka, na miezi michache baadaye wanaandika mapendekezo yao ya utafiti. Waraka ukitoka kabla ya hapo, watachagua mada wakijua faili wanalolihitaji liko ofisi gani na nani ana wajibu wa kuwajibu. Mimi nitakuwa nimeshawasilisha tasnifu yangu. Niko tayari, pamoja na wenzangu, kuja kukaa na maofisa wenu tuandike rasimu ya utaratibu huo, jioni yoyote baada ya kazi au Jumamosi, mahali popote hapa Dar es Salaam mtakapotuita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhandisi na mwanafunzi wa shahada ya uzamili
Kimara, Dar es Salaam